Laptopu Moja, Watu Wawili: Itunze Kabla Haijawagombanisha

Nyumba nyingi za vijana mjini zina laptopu moja tu. Asubuhi inaondoka na mama kwenda ofisini, jioni baba anaipigia hesabu za duka, usiku inapanda kitandani watu waangalie muvi. Wikiendi shemeji naye anaazima, "nachapa CV mara moja tu." Siku ikizima na kugoma kuwaka, utasikia, "Si wewe ndiye uliyeitumia mwisho?" Kasheshe linaanzia hapo.

Mpenzi msomaji, kabla hamjanuniana, jueni kwamba maadui wakubwa wa laptopu mnaishi nao humo humo ndani: joto, vumbi, umeme na kikombe cha chai. Wote wanadhibitika bila gharama kubwa.

ISHUKE KITANDANI
Laptopu inavuta hewa na kuitoa ikiwa na moto kupitia matundu yaliyoko chini na pembeni. Ukiilaza juu ya godoro au mto, matundu yanaziba. Feni inapiga kelele, mashine inajipunguzia kasi ili isiungue, na wewe unalalamika kwamba imekuwa nzito. Apple, kwa mfano, inashauri MacBook zitumike penye joto la kati ya nyuzi 10 na 35. Sasa fikiria Dar es Salaam ya mwezi wa Februari, joto linapita nyuzi 30 hata kivulini. Ndani ya gari lililoegeshwa juani ndiyo usiseme.

Muvi ya kitandani hatuwakatazi, ila wekeni sinia au ubao chini yake. Na angalau mara moja kwa mwaka, fundi aifungue atoe vumbi kwenye feni. Kama ni ya siku nyingi, mwombe aangalie pia ile grisi ya kupoza prosesa, maana hukauka.

BETRI: ISISHIBE SANA, ISIFE NJAA
Bado kuna watu wanaoacha betri iishe kabisa ndipo wachaji. Ushauri huo ulikuwa wa betri za zamani za nikeli. Za siku hizi ni za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na tabia yake ni tofauti. Ukiishusha hadi sifuri kila siku, inachoka mapema. Ukiiacha kwenye asilimia 100 muda wote huku mashine ina joto, inachoka vilevile. Ibakize kati ya asilimia 20 na 80 kadiri inavyowezekana. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina sehemu ya kuseti ili chaji iishie 80. Kama kazi zako zote ni za mezani karibu na soketi, itumie.

Ukiona sehemu ya kuchezeshea mshale inainuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, huenda betri imevimba. Zima, chomoa chaja, peleka kwa fundi. Usiibonyeze wala kuitoboa, inaweza kuwaka moto.

UMEME UKIKATIKA, CHOMOA
Chaja nyingi zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu wa 230 hauna tatizo. Hatari ni pale unapokatika na kurudi kwa kishindo. Laptopu ina betri, haitazima, basi chomoa chaja na usubiri umeme utulie. Kukiwa na radi, fanya hivyo hivyo. Nunueni pia soketi ya kurefusha yenye kinga ya umeme mkubwa.

Ukinunua chaja mpya, linganisha maandishi yaliyo juu yake na ya ile ya zamani: volti ziwe sawa, ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya bei chee inayochemka kama pasi ni kimeo.

CHAI IKIMWAGIKA
Usianze kuuliza nani kamwaga. Zima papo hapo kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, ifungue na uigeuze kibodi itazame chini ili kimiminika kitoke. Usiikaushe kwa draya ya nywele, na ule mchele wa jikoni uache, hautatoa sukari iliyoingia ndani. Usijaribu kuiwasha "kuona kama imepona". Mwacheni fundi aisafishe kwanza.

FLASHI YA STESHENARI
Flashi iliyokwenda kuchapisha barua mtaani inaweza kurudi na wageni. Iskani kabla hujafungua kitu. Programu za wizi nazo zikwepe, nyingine zinakuja na virusi ndani. Kubali masasisho ya mfumo hata kama yanakuchosha, kwa sababu ndiyo yanayoziba matundu ya wezi. Kama bado unatumia Windows 10, kumbuka kwamba Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize fundi kama mashine yako inaweza kubeba Windows 11.

KISICHONUNULIKA TENA
Asikwambie mtu, laptopu inanunulika. Itauma, mtakopa, lakini ipo dukani. Picha za harusi, sauti ya bibi aliyefariki, tasnifu ya miaka miwili na daftari la wadeni wa duka havipo dukani popote.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: kila faili la maana liwe na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na nakala 1 ikae nje ya nyumba. Kwenu inaweza kuwa laptopu yenyewe, diski ya nje kabatini, na akaunti ya kuhifadhi kwenye intaneti. Mwizi akibeba begi lenye laptopu, diski ipo. Nyumba ikiungua, nakala ya intaneti ipo.

Halafu kaeni chini muelewane. Kila mmoja awe na akaunti yake na neno lake la siri. Huko si kufichana, ni kuzuia faili la ofisini lisifutwe na mtu anayetafuta nafasi ya muvi. Shemeji naye atengenezewe akaunti ya wageni. Pangeni pia nani anahamisha nakala, tuseme kila Jumapili jioni, na mwingine amkumbushe.

Kama laptopu yenu inawaka leo, basi leo ndiyo siku ya kutoa nakala ya kwanza. Anzeni na picha.