Mto Tana chini ya magurudumu

Fundi aliyenizibia pancha pale Garsen hakuniuliza natoka wapi. Aliichomoa tyubu, akaipitisha polepole ndani ya karai la maji na kuhesabu mapovu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akapapasa ndani ya tairi kwa kidole, akatoa kijiti cheusi, kigumu, kifupi kuliko ukucha. "Mathenge," akasema. "Umepita kando ya barabara, mwanangu. Hapa kando hapapitwi."

Baiskeli yangu ilikuwa ile ya changarawe: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, gia tele, matairi manene kuliko ya baiskeli za mashindano ya lami. Wakenya wengi walianza kuisikia mwaka 2021, mbio za Migration Gravel Race zilipofanyika Maasai Mara, na zaidi baada ya Agosti 2022, mwendesha baiskeli wetu Suleiman Kangangi alipofariki katika mashindano ya aina hiyo Vermont, Marekani. Wauzaji huisifu kwa upana wa tairi: milimita 40. Baiskeli ya fundi ilikuwa imeegemea mwarobaini, Black Mamba iliyochakaa, na kwenye keria mikungu miwili ya ndizi. Nikainama nikasoma maandishi ubavuni mwa tairi lake: 28 × 1½. Kipimo hicho kwa lugha ya viwandani ni 40-635. Yaani milimita 40 zile zile, ila yeye amezipanda tangu ujana wake.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuzunguka Tana kwa baiskeli asianze na duka. Aanze na mto.

Tana ni mto wenye matope mengi, na kazi yake kubwa nyanda za chini ni kuchambua udongo. Unapofurika na kuvuka kingo, maji hupungua kasi ghafla. Mchanga ni mzito, basi hutua kwanza, hapo hapo kando ya mto, na mafuriko baada ya mafuriko ukingo huinuka kuwa kama tuta refu. Chembe laini za mfinyanzi huenda mbali zaidi, zikatulia kwenye mabonde yaliyo nyuma ya tuta. Mbali zaidi, mafuriko yasikofika, ni ardhi kavu ya kale yenye vichaka vya miiba. Ndiyo maana ukikata kutoka barabara kuu ya Garsen kwenda Hola ukielekea mtoni, katika mwendo wa kilomita chache unabadilishiwa ardhi mara tatu, na mimea inakupa habari kabla ya gurudumu: mswaki na migunga, kisha nyasi za bonde, kisha kivuli cha mikuyu na mikindu juu ya mchanga.

Mchanga ndio unaowashusha wengi baiskeli, na dawa yake ni upepo. Tuseme wewe, baiskeli na maji yako mna kilo 100, na gurudumu la nyuma limebeba 55. Ukilijaza hadi PSI 60, sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 13, ndogo kuliko uso wa kiberiti. Ukishusha upepo hadi 30, inakuwa 26, zaidi ya nusu ya kitambulisho chako. Uzito haujapungua hata gramu; umetandazwa tu, na tairi linaelea badala ya kuchimba. Kiasi kina mpaka wake, lakini. Tairi legevu likigonga mzizi, rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyo sambamba. Mwenye tairi lisilo na tyubu anaweza kushuka chini zaidi. Mwenye tyubu, hasa mtu mzito, asiende chini ya 35.

Tena mchanga wa alfajiri si mchanga wa adhuhuri. Umande huzishikanisha chembe, njia ikawa ngumu kidogo, na ukipita saa kumi na mbili na nusu asubuhi utajiona bingwa. Tatizo ni kwamba saa hizo ndizo viboko wanaporudi majini kutoka malishoni, na kiboko hapendi kumkuta mtu kati yake na maji. Mimi husubiri jua lipande, nikakubali mchanga mlegevu. Nyati nao hupenda vichaka vya ukingoni. Penye kona iliyofunikwa na majani, piga kengele au zungumza kwa sauti.

Mfinyanzi mweusi wa mabondeni hauna dawa. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa za kumeza tairi zima, hasa ukienda sambamba nazo, kwa hiyo zikate mshazari. Ukilowa huvimba, kwa sababu chembe zake hunyonya maji katikati ya matabaka yao, na hung'ang'ania gurudumu, ukajaa kwenye matagadi na breki mpaka gurudumu ligome. Nimebeba baiskeli begani huko, kilomita nzima, baiskeli ikiwa imeongezeka uzito kwa matope. Wenyeji hung'oa matagadi msimu wa mvua na kutembea na kijiti cha kukwangulia. Bora zaidi: usiende Aprili na Mei, wala Novemba. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikata hata barabara yenyewe ya Garissa–Hola–Garsen, sembuse vijia vyake.

Sasa mathenge. Mti huu umetoka Amerika. Uliletwa pwani ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ukapandwa hapa Tana River kwenye miaka ya 1980 kuzunguka mradi wa umwagiliaji wa Bura, upate kutoa kuni na kuzuia mmomonyoko. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake matamu na kuzimwaga mbegu pamoja na samadi kila wanakopita, basi umefuata njia za mifugo na barabara, kule kule baiskeli inakopita. Miiba yake hukauka bila kuoza upesi. Gundi ya majimaji inayotiwa ndani ya tairi huziba matundu hayo madogo yenyewe, na kwa pesa zako hicho ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya viatu na miwani. Usipoipata, beba viraka kumi. Na upite katikati ya njia, kama nilivyoambiwa.

Kati ya Garsen na Hola ndiko iliko hifadhi ya kima wa Mto Tana, iliyotangazwa mwaka 1976, kilomita za mraba zipatazo 170. Ilitengwa kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wanyama wasiopatikana mahali pengine duniani. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kuwa haikuanzishwa kwa kufuata sheria, baada ya wenyeji kulalamika. Kwa hiyo usidhani ruhusa ya askari wa wanyamapori inatosha. Piga hodi pia kijijini. Utavuka mashamba ya Wapokomo na malka, yaani njia za kuteremshia mifugo mtoni, ambazo zimeshawahi kuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakulima na wafugaji. Kundi la Waorma likiwa kwenye malka, shuka, simama upande wa chini ya upepo, subiri. Ng'ombe mwenye kiu hajui kengele ya baiskeli.

Msitu wenyewe ni mwembamba kwa sababu ile ile ya udongo: mizizi inahitaji maji ya chini ya ardhi, na maji hayo yapo karibu na mto tu. Mpopla wa Tana huota kwenye mchanga mpya ulioachwa na mafuriko, na tangu bwawa la Masinga lijengwe kule juu mwaka 1981, likafuatwa na Kiambere, mafuriko ya kawaida hayana nguvu ya zamani. Ukanda kama huo hauhitaji kijia kipya cha magurudumu. Baiskeli iache kwa mwenyeji, uingie kwa miguu. Mbega hukaa juu kabisa ya miti, na anayekanyaga pedeli macho yake yako kwenye mizizi.