Kipuri Kinachokataliwa na Gari

Tuchukue mkasa unaoweza kumpata mwenye gari yeyote katika uwanda wa Kyela. Gari dogo la mtumba kutoka Japani limewapeleka wageni Matema, na katika pilikapilika za kuoga ziwani ufunguo wake wa pekee umetumbukia majini. Fundi wa kuchonga funguo anaitwa kutoka Kyela mjini. Anachonga ufunguo mpya kwa kufuata kitasa cha mlango, na meno yake yanalingana barabara. Mlango unafunguka, swichi inazunguka, stata inaiamsha injini. Kisha baada ya sekunde moja au mbili injini inazimika. Anajaribu tena, inazimika tena. Mafuta yamo, betri ni nzima, plagi ni safi. Hakuna kilichoharibika. Gari limeukataa ufunguo kwa sababu halikuutambua.

Mwenye gari akiuliza kwa wakala wa kampuni, huenda akaambiwa alilete gari lenyewe. Wakala yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Bondeni, na gari haliwezi kusogea hata hatua moja.

Siri imo katika kichwa cha plastiki cha ufunguo. Humo mna chombo kidogo cha elektroniki kisicho na betri, na kuizunguka swichi ya gari kuna koili ya waya. Swichi inapofunguliwa, mkondo wa umeme hupita katika koili hiyo ukienda na kurudi mara zipatazo 125,000 kwa sekunde, na kuzalisha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyesoma kazi za Faraday atakumbuka kwamba uga wa namna hiyo huzalisha umeme katika waya uliomo ndani yake. Ndiyo kanuni ya transfoma. Basi chombo kile hupata umeme wake kutoka hewani, na kwa umeme huo hutamka namba yake ya siri. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, huilinganisha namba hiyo na ile iliyohifadhi. Zisipolingana, hufunga mafuta.

Kifaa hiki kilibuniwa kwa nia njema, nasi tusikidharau. Umoja wa Ulaya ulikifanya kuwa cha lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1998, na wizi wa magari ulipungua. Lakini kufuli linalomzuia mwizi humzuia pia mwenye mali, iwapo namna ya kulifungua anaijua mtengenezaji peke yake.

Walimu wenye umri mkubwa wanajua tabu ya vipuri kwa sura nyingine. Mwaka 1974 Tanzania iliunda Shirika la Magari la Taifa kusimamia biashara ya magari na vipuri vyake. Mwishoni mwa miaka ya sabini fedha za kigeni zilikauka, na magari mengi yakalala juu ya mawe kwa kukosa beringi moja, hadi bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe. Hata hivyo katika miaka ile ya dhiki kipuri kilichopatikana, au kilichochongwa katika karakana, kilifanya kazi. Chuma hakimuulizi mtu jina lake.

Watengenezaji wa Ulaya nao walijaribu kuzuia vipuri vya wengine kwa njia ya sheria. Kampuni ya British Leyland ilidai kwamba bomba la moshi la magari yake ni nakala ya mchoro wake, na kwamba anayelitengeneza bila idhini ameiba hakimiliki. Mwaka 1986 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo, lilikataa dai hilo: aliyenunua gari amenunua pamoja nalo haki ya kulitengeneza, na haki hiyo haina maana ikiwa hawezi kupata bomba kwa mtu mwingine.

Kwa sadfa, mwaka ule ule wa 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo wa CAN, unaoziwezesha kompyuta za gari kupashana habari katika jozi moja ya nyaya. Gari la leo lina kompyuta nyingi za namna hiyo: ya injini, ya breki, ya usukani, ya taa. Palipo na mazungumzo pana uwezekano wa kuulizana, "Wewe ni nani?" Ndivyo kizuizi kilivyohama kutoka mahakamani kikaingia ndani ya kontroli boksi.

Si kila swali la namna hiyo ni hila. Tutazame nozeli za injini za kisasa za dizeli. Hakuna kiwanda kinachoweza kutoboa matundu manne yaliyo sawa kabisa. Nozeli moja hupitisha mafuta zaidi ya nyingine kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo kila nozeli hupimwa kiwandani na kupigwa chapa ya tarakimu na herufi zinazoeleza tabia yake. Fundi akibadilisha nozeli, hana budi kuiingiza chapa hiyo katika kontroli boksi ili injini isahihishe kipimo. Hiyo ni sayansi safi. Hila huanza pale ambapo chombo cha kuingizia chapa hiyo kinauzwa kwa mawakala tu. Fundi wa Ipinda anayo nozeli halisi mkononi, ameilipia, wala hawezi kuifanya ipokewe.

Watengenezaji hujitetea kwa hoja ya usalama, na kwa msomaji wa Bondeni hoja hii ina uzito. Barabara ya kutoka Tukuyu hadi Kyela hushuka zaidi ya mita 1,000. Gari lenye abiria na mizigo, uzito wake tuseme kilo 2,000, likishuka mita 1,000 hupoteza nishati ya 2,000 × 10 × 1,000, yaani jouli milioni 20. Nishati hiyo haipotei bure. Ingetosha kuchemsha lita 60 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na injini iliyowekwa gia kubwa. Iliyobaki yote huingia katika breki. Pedi iliyotengenezwa kwa gundi hafifu hupoteza mshiko ikipata moto, na dereva hulijua hilo akiwa tayari kwenye kona.

Mimi nakubali kwamba pedi mbovu huua. Sikubali kwamba dawa yake ni kumfungia mwenye gari duka. Ubora wa pedi hupimwa kwa joto na msuguano, kazi inayoweza kufanywa na maabara yoyote yenye vifaa, na nchi yetu ina Shirika la Viwango tangu mwaka 1975. Namba ya siri haipimi msuguano; inapima ni nani aliyeuza. Wala usiri wenyewe si ngao imara. Mwaka 2013 kampuni ya Volkswagen ilipata amri ya mahakama ya Uingereza kuwazuia watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Nijmegen wasichapishe udhaifu walioukuta katika chombo cha ufunguo kilichotumika katika magari mengi. Makala yao yalitoka mwaka 2015, na udhaifu ulikuwamo muda wote huo.

Nchi nyingine zimeanza kutunga kanuni. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliamua mwaka 2012 kwamba habari anazopewa wakala lazima mwenye gari na fundi wake waweze kuzinunua pia. Karibu zaidi nasi, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021: vipuri halisi viuzwe kwa wenye magari na mafundi huru, isipokuwa baadhi ya vile vinavyohusu ulinzi dhidi ya wizi. Ufunguo wetu wa Matema, kwa hiyo, ungebaki katika mabishano hata huko. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko. Swali zuri kwa darasa la uraia ni kama kontroli boksi inaweza kuwa nguvu ya soko.

Na lile gari? Kama mwenyewe hana fedha za kumleta mtaalamu mwenye kompyuta kutoka Mbeya, mafundi wanayo njia yao. Hutafuta gari la aina ile ile lililokatwakatwa, wakanunua seti nzima: kontroli boksi, swichi pamoja na koili yake, na ufunguo. Vitatu hivyo vinafahamiana tangu kiwandani. Vikifungwa katika gari la Matema huulizana, hujibizana, na injini huwaka, kwa maana boksi halijawahi kulijua gari. Linaujua ufunguo tu. Kitasa cha mlango kitaendelea kutumia ule ufunguo wa kwanza uliochongwa, na mwenye gari atatembea na funguo mbili.