Schokland: kisiwa kilichobaki katikati ya mashamba

Inawezekanaje watu wahamishwe kwa sababu ya maji, halafu miaka mingi baadaye wataalamu wahangaike kuyabakiza maji mahali palepale? Tuelekee Uholanzi, mpenzi msikilizaji, kwenye kijiji kidogo cha Middelbuurt.

Middelbuurt kiko Schokland, juu ya kilima kilichoinuliwa kwa mikono ya watu. Kina kanisa la mwaka 1834 na safu ya nguzo za mbao zilizozuia mawimbi. Ila ukisimama hapo leo huoni bahari. Unaona mashamba ya viazi na vitunguu.

Zamani sana Schokland ilikuwa nchi kavu yenye udongo laini wa mabaki ya mimea. Wakulima walichimba mitaro wakatoa maji ili walime. Udongo wa namna hiyo ukikauka huoza na kushuka. Ardhi ikazidi kudidimia, na maji ya ghuba ya Zuiderzee yakaila kidogo kidogo mpaka kikabaki kisiwa chembamba. Kilimo kikashindikana, watu wakageukia uvuvi. Wakatoliki waliishi kaskazini, Waprotestanti kusini.

Februari 1825 dhoruba iliua watu 13 kisiwani. Umaskini ukaongezeka, na kulinda kisiwa kukawa gharama kubwa. Mwaka 1859, wakati wa Mfalme Willem III, serikali iliwahamisha wakazi wote, kama 650. Wengi walikwenda Kampen, wengine Volendam na Urk.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1932 Waholanzi waliifunga ghuba kwa tuta la kilomita 32. Wakazungushia eneo la Schokland tuta jingine, pampu zikavuta maji, na mwaka 1942 sakafu ya bahari ikawa shamba. Kisiwa kikabaki nchi kavu. Mwaka 1995 Schokland iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ya kwanza Uholanzi.

Lakini udongo ule haujasahau tabia yake. Baada ya maji kuondoka ulianza kushuka tena, na mabaki ya kale yaliyohifadhiwa na unyevu yakawa hatarini kuoza. Ndiyo maana limetengwa eneo ambalo maji ya ardhini yanaachwa yabaki juu.

Basi, mwenye shamba bondeni, kabla ya kuchimba mtaro jiulize: maji haya yakiondoka, ardhi itasimama juu ya nini?