Bosi, mshahara peke yake hautoshi!

Leo nina la kuungama. Niliwahi kuwa bosi mbaya. Si bosi wa gari na kiyoyozi, la, msimamizi tu wa watu sita katika kampuni moja hapa mjini. Lakini ungenisikia ninavyofoka! Jina la mtu silitaji, ni "wewe, njoo hapa" na "wewe, huna akili".

Siku moja kijana hodari kuliko wote akaniletea barua ya kuacha kazi. Nikajua kapata dili nono. Kumbe anakwenda penye mshahara mdogo zaidi! Nikamwuliza kulikoni, akajibu: "Bosi, kule angalau wananisalimia." Nikabaki mdomo wazi.

Muda si mrefu nikaenda likizo kwa shangazi yangu Kiruruma, kule Karagwe, mkoani Kagera. Nikakuta msimu wa kahawa umepamba moto. Shangazi ana vibarua wanne, anawalipa kwa debe. Sasa malipo ya debe yana mtego wake. Kibarua mwenye kinyongo anakwangua tawi zima, mbivu na mbichi humo humo, debe lijae upesi ajiondokee. Kahawa inashuka ubora, na tawi likivunjika hasara ni ya mwenye shamba.

Jirani yake alikuwa akilipa zaidi kidogo, lakini kutwa kucha ni matusi. Madebe yake yalijaa kijani. Ya shangazi, nyekundu tupu! Siri yake? Asubuhi anamsalimia kila mmoja kwa jina, anauliza yule mtoto mwenye homa kaamkaje. Mchana wanakula naye ndizi za chungu kimoja. Mama mmoja mzoefu kamkabidhi upande mzima wa shamba, aamue mwenyewe waanzie mti upi.

"Hawakuibii?" nikauliza.

Akanicheka. "Mwanangu, ukimdharau mtu atakuibia hata kwa kukaa tu."

Shangazi hamjui Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1943 kwamba mahitaji ya binadamu yamepangika kama ngazi. Kwanza tumbo, kisha usalama, halafu kupendwa, halafu heshima, na juu kabisa mtu kukitumia kipaji chake chote. Mwaka 1962 Maslow alikaa kwenye kampuni ya Non-Linear Systems huko California, iliyotengeneza vifaa vya kupimia umeme. Pale wafanyakazi waligawanywa vikundi vidogo, kila kikundi kikitengeneza chombo kizima badala ya mtu kukaza skrubu moja mpaka jioni.

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Hapa hapa Bongo, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kiburi na dharau. Baada yake migomo ikazuka viwandani, na mara nyingi kilio hakikuwa mshahara bali ubabe wa mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, walifika mahali pa kukishika kiwanda wenyewe.

Sasa wewe bosi mbahili usianze kuchekelea! Tabasamu halinunui unga. Shangazi hulipa jioni ile ile, senti haipungui. Hata ngazi ya Maslow inaanzia tumboni. Ila ukishamshibisha mtu, usidhani umemaliza.

Niliporudi kazini Jumatatu nikawasalimia wote kwa majina. Mmoja akaniuliza kwa wasiwasi: "Bosi, unaumwa?"

Na yule kijana? Nilimfuata huko aliko nikamwomba radhi. Akanipokea vizuri, akaninunulia soda, tukaongea. Lakini kurudi, hakurudi. Nami simlaumu.

Je, wewe msomaji, jina la anayekufagilia ofisi unalijua? Kesho kamwulize. Tukutane wiki ijayo!