Ofisi ihamapo barua pepe, sanduku la zamani lisifungwe mapema

OFISI inayohamishia barua pepe zake kwa kampuni mpya yaweza kupoteza barua bila kujua. Chanzo ni rekodi iitwayo MX, iliyoanza kutumika mwaka 1986, ambayo huonyesha seva ya kupokea barua za ofisi hiyo.

Rekodi ikibadilishwa, seva za watumaji huendelea kufuata nakala ya zamani hadi muda wake uishe, ambao waweza kuwa saa 24. Kwa hiyo mafundi hupunguza muda huo hadi dakika 5, siku moja au mbili kabla, kisha huacha masanduku yote mawili wazi kwa siku kadhaa. Likifungwa la zamani siku ileile, eti kuokoa ada ya mwezi, zabuni iliyotumwa jioni hurudi kwa mtumaji: mpokeaji hayupo.