Ukinunua Baiskeli, Pima Mguu Kwanza

Mavuno yakisha kuuzwa na fedha ikawa mkononi, nyumba nyingi huanza shauri lile lile: tununue baiskeli. Baba ana maneno yake, mama ana yake, na vijana wamekwisha kuchagua hata rangi. Watu huulizana bei, huulizana ipi ngumu zaidi, Phoenix au Hero au ile Raleigh kuukuu anayoiuza jirani. Jambo moja haliulizwi na mtu: miguu ya atakayeipanda ina urefu gani?

Mimi nami sikuuliza. Baiskeli ya kwanza ya nyumba yangu niliinunua kwa macho. Ilikuwa imesimama dukani mbele ya nyingine zote, ndefu, nyeusi, yenye mabomba mawili juu, nami nikasema moyoni, hii ndiyo ya mwanamume. Mwenye duka akaniambia ni namba 28. Nikalipa, nikaikokota hadi njiani, nikaipanda nikiwa nimesimama juu ya kichuguu. Hapo kichuguuni ndipo ningalishtuka, lakini sikushtuka. Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa mtu wa kutafuta kichuguu, jiwe au gogo kila nilipotaka kupanda, na kushuka kwangu kulikuwa kuruka.

Siku moja nikawa natoka mnadani na gunia la mpunga kwenye keria. Ng'ombe wakakata njia. Nikashika breki, nikatafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, nisiione. Gunia likavuta upande, nami nikaangukia lile bomba la juu, mahali ambapo mwanamume hapendi kuangukia. Wachungaji wale walicheka, na walikuwa na haki.

Kuchekwa si kitu. Neno zito lilikuja baadaye, mtoto wetu alipopata homa usiku, nami nilikuwa nimesafiri kwa basi. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, matairi yamejaa upepo, haina kasoro yo yote. Mke wangu alijua kuendesha tangu usichana wake, lakini ile hakuiweza. Akaenda zahanati kwa miguu, mtoto mgongoni, akafika kumekucha. Mtoto alipona, twashukuru. Niliporudi nikasimuliwa habari yote kwa sauti ya polepole, na kila mwenye mke aijua sauti hiyo.

Ndipo nikaenda kwa fundi baiskeli, mzee wa miaka mingi katika kazi hiyo, nikamwomba aishushe baiskeli yangu. Akanitazama, akatazama baiskeli, akasema: “Kiti nitashusha. Usukani nitashusha. Hili bomba la juu nalishushaje, bwana? Nilikate?”

NAMBA 28 SI YA FREMU

Kumbe ile namba 28 niliyoambiwa dukani ni ya gurudumu. Ni inchi za upana wa gurudumu pamoja na tairi lake, nayo imeandikwa ubavuni mwa tairi: 28 x 1½. Nyingine huandikwa 26. Namba hiyo husaidia siku ya kununua tairi jipya, lakini haikuambii kama baiskeli yakufaa.

Fremu ina namba yake, na kwa baiskeli zetu hizi nyeusi za kazi aghalabu ni 20, 22 au 24. Hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedali, kupanda na bomba linaloshika kiti, mpaka mwisho wa bomba hilo juu. Baiskeli mbili zaweza kuwa na magurudumu sawasawa ya 28, moja ikawa na fremu ya 20 na nyingine ya 24. Kati yao mna inchi 4, yaani sentimeta 10, na sentimeta 10 ndizo tofauti ya kusimama na kuanguka.

Watu kununua baiskeli kwa kuuliza gurudumu kulikuwa na maana zamani sana, kabla ya babu zetu kuiona baiskeli. Baiskeli za Ulaya za miaka ya 1870 zilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na pedali zilifungwa katika gurudumu lile kubwa lenyewe, bila mnyororo. Mwenye miguu mirefu alinunua gurudumu kubwa, mwenye mifupi alinunua dogo. Kwa hiyo kupima gurudumu kulikuwa ndiko kupima mguu. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akaleta baiskeli yake iitwayo Rover, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na magurudumu yasiyopitana sana kwa ukubwa. Tangu hapo kazi ya kulingana na mguu imehamia kwenye fremu. Ni zaidi ya miaka 130 sasa, na bado twaenda dukani na kuuliza gurudumu!

KAMBA YENYE FUNDO

Fundi yule alinifundisha njia isiyohitaji hesabu. Vaa viatu unavyovaa njiani, kama ni kandambili basi kandambili. Simama wima, mgongo ukutani, miguu ikiwa imeachana kadiri ya shubiri moja. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kitie katikati ya miguu, ukingo mmoja ukigusa ukuta, ukivute juu mpaka kikubane kama kiti cha baiskeli kibanavyo. Mtu mwingine atie alama ya mkaa ukutani, juu ya kitabu. Kutoka sakafuni mpaka alama hiyo ndio urefu wa mguu wako kwa kazi hii. Urefu wa suruali si kipimo. Mshonaji huanzia chini zaidi.

Kama fundi cherehani yuko karibu, azima utepe wake uandike sentimeta. Kama hayuko, chukua kamba isiyonyumbuka, mwisho wake uguse sakafu, piga fundo penye alama. Kamba hiyo utie mfukoni uende nayo dukani.

Dukani, mwambie muuzaji aisimamishe baiskeli wima, si kwa stendi ya kulaza upande, na matairi yawe yamejazwa upepo. Shusha kamba kando ya bomba la juu, mbele kidogo ya kiti, pale ambapo utasimama umelipanda. Mwisho wa kamba ukigusa chini, fundo lipite juu ya bomba kwa vidole viwili au vitatu. Likiwa sawa na bomba, au chini yake, iache baiskeli hiyo hata kama wapewa kengele na pampu ya bure. Kisha ipande usimame chini kwa nyayo zote mbili, usikie mwenyewe. Muuzaji mwema hatakataa.

Mimi nilipopima niliona mguu wangu ni sentimeta 80. Sasa tazama. Fremu ya inchi 24 ni sentimeta 61. Bomba la kiti limelala kidogo kwenda nyuma, kwa hiyo kwenda juu haliongezi sentimeta 61 kamili, bali kama 57. Ekseli ya pedali katika baiskeli zenye magurudumu ya 28 iko juu ya ardhi kwa kadiri ya sentimeta 30. Jumla ni sentimeta 87 hivi. Mguu wa 80 ulikuwa unatafuta ardhi juu ya bomba la 87! Kwa fremu ya 22 bomba huja kama 82, kwa ya 20 kama 77. Ya 20 ndiyo iliyokuwa yangu, nami si mtu mfupi kijijini kwetu. Hesabu hizi ni za kukadiri tu, maana viwanda havipimi namna moja; kingine huishia katikati ya bomba la juu, si mwisho wa bomba la kiti. Kwa sababu hiyo kamba ni ya kuaminiwa kuliko namba.

Siku hizi masokoni ziko pia baiskeli za mitumba zilizofanywa kwa safari ndefu za lami, na fremu zake huhesabiwa kwa sentimeta: 52, 54, 56. Mafundi wengi huanza na theluthi mbili za mguu, pungufu kidogo. Mguu wa 80 huangukia kwenye 52 hivi. Ziko na zile zenye bomba la juu lililoinama, za matairi manene, ambazo huandikwa 16 au 18. Hizo karibu kila mtu hulisimamia bomba bila taabu, na hapo ndipo huponza, maana fremu yaweza kuwa fupi ukakunja mgongo, au ndefu ukautandaza. Weka kiwiko mbele ya kiti, nyosha mkono na vidole kuelekea usukani. Vidole vikifika au vikikaribia sana, waweza kuijaribu njiani. Vikipungukiwa kwa upana wa kiganja, safari ya mchana kutwa itakupa ganzi ya mikono na maumivu ya shingo.

KITI KIKIWA JUU, KIKIWA CHINI

Fremu ikiwa sawa, kiti ni kazi ya spana moja. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukisha kuweka mbele ya unyayo juu ya pedali kama ipasavyo, goti litakunjika kidogo, na ndivyo vyema. Mwaka 1967 wataalamu wawili nchini Uingereza, Hamley na Thomas, walipima jambo hili wakaona nguvu hutoka vizuri zaidi kiti kikiwa juu ya pedali ya chini kwa kipimo cha mguu uliozidishwa kwa 109 na kugawanywa kwa 100. Kwa mguu wa 80 ni sentimeta 87. Kisigino kitakufikisha karibu na hapo bila kalamu.

Wengi wetu hukaa chini mno, magoti yanapanda kama ya panzi, kisha husema baiskeli inaumiza magoti. Kweli, inaumiza, hasa upande wa mbele wa goti. Kiti kikiwa juu mno, kiuno hucheza kushoto na kulia na maumivu huja nyuma ya goti. Anayebeba mzigo mzito au mtu kwenye keria ashushe kidogo, apate kugusa chini upesi. Hapo nguvu tunaiuza ili tununue usalama. Na nguzo ya kiti isivutwe kupita alama iliyochorwa. Kama haina alama, sentimeta 7 zibaki ndani ya bomba, isije ikakatika.

Sasa swali la nyumba nyingi: baiskeli moja, wapandaji watatu. Tupime mguu wa nani? Mimi nasema, tupime wa mfupi kati ya wale wazima watakaoitumia kweli. Kiti hupanda na kushuka, usukani hupanda na kushuka, ila bomba la juu limechomelewa kiwandani. Mrefu ataongeza kiti, mfupi hana la kupunguza. Wala nisidanganye: fremu ndogo mno nayo ina taabu yake, magoti hugonga usukani na nguzo ndefu ya kiti hupinda. Lakini kupungukiwa namba moja huvumilika.

Mtoto asinunuliwe kubwa kwa kusema ataikulia, kama sare ya shule. Sare kubwa haimwangushi mtu. Wote tumewaona watoto waliotia mguu mmoja chini ya bomba, mwili umepinda upande, wanaendesha nusunusu. Wengine tumekuwa watoto hao. Hodari sana, lakini kwenye mteremko breki iko mbali na mkono wake.

Ile ya kwangu niliiuza kwa hasara. Mke wangu mguu wake ni sentimeta 75, tukanunua ile waiitayo ya kike, isiyo na bomba la juu, ambayo mwenye kanga hupanda bila shida. Majirani walinicheka karibu wiki nzima. Kisha mmoja akaja kuiazima, na mwingine. Ina udhaifu wake: fremu ya pembetatu hushika mzigo kwa nguvu kuliko iliyo wazi, na ukiweka gunia zima nyuma yangu waisikia ikiyumba kama mkia. Mpunga naupeleka mara mbili sasa. Hata hivyo, kwa isiyo na bomba usifikiri kamba haina kazi. Shusha kiti mpaka mwisho, mwenye mguu mfupi akae juu yake, atazame kama ncha za vidole vya miguu yote miwili zinafika chini. Zisipofika, fremu hiyo ni kubwa hata kama ni ya kike.

Kwa wanaonunua iliyokwisha kutumika, mbali na kamba tazama chini ya rangi, pale bomba la juu na la chini yanapokutana na bomba la usukani. Rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka kwa mstari, fremu hiyo imegonga kitu, nayo hairudi kuwa nzima kwa nyundo. Simama nyuma yake umwambie mwenyewe aisukume mbele yako moja kwa moja. Gurudumu la nyuma lifuate njia ya la mbele. Na umwulize kwa nini anaiuza. Mimi niliulizwa, nikasema kweli: ndefu. Mnunuzi akasimama juu ya bomba, nyayo zote mbili chini, akacheka, akatoa fedha.