Akili mnemba katika picha za viungo bandia

Akili mnemba katika picha za viungo bandia ni matumizi ya programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano ili kusoma picha za kitabibu za watu waliobadilishiwa kiungo cha mwili, hasa nyonga, goti au bega. Programu hizo husaidia kutambua aina ya kiungo kilichowekwa, kupima mkao wake na kuona dalili za kulegea, kuchakaa au kuvunjika. Hazichukui nafasi ya daktari. Jibu la programu ni kadirio tu, na uzito wake hutegemea picha zilizotumika kuifundisha.

Viungo bandia

Ncha za mifupa inayokutana kwenye kiungo hufunikwa na gegedu, ambayo ni laini na huiwezesha kuteleza bila kusuguana. Gegedu ikichakaa kwa sababu ya ugonjwa, umri au ajali, mgonjwa hupata maumivu na hushindwa kutembea vizuri. Dawa na mazoezi yasipotosha, daktari wa upasuaji anaweza kuondoa sehemu zilizoharibika na kuweka kiungo kilichotengenezwa kiwandani.

Mwaka 1891 Themistocles Gluck, daktari wa Ujerumani, alieleza majaribio yake ya kutumia pembe za ndovu badala ya viungo vya asili. Hata hivyo, upasuaji wa nyonga wa kisasa unatokana hasa na kazi ya John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Mwanzoni alitumia kikombe cha teflon, lakini kilichakaa upesi na chembe zake zilidhuru tishu za wagonjwa. Mwaka 1962 alianza kutumia kikombe cha plastiki ngumu aina ya polietilini, na ndani yake kichwa kidogo cha chuma. Sehemu zote mbili zilishikizwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu. Viungo vingi vya leo bado hufuata wazo hilo, ingawa metali, plastiki na seramiki zinazotumika zimeboreshwa.

Kiungo bandia hakidumu milele. Kinaweza kulegea, kuteguka au kupata maambukizi, na mfupa unaokizunguka unaweza kuvunjika. Hapo huhitajika upasuaji wa marudio, ambao kwa kawaida ni mgumu na wa gharama kubwa kuliko ule wa kwanza.

Kinachoonekana katika picha

Kipimo cha kawaida cha kufuatilia kiungo bandia ni picha ya eksirei. Mionzi hiyo iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mwaka 1895. Metali huzuia mionzi kuliko mfupa, kwa hiyo kiungo cha chuma huonekana cheupe sana chenye kingo zilizo wazi. Polietilini hupitisha karibu mionzi yote, hivyo kikombe chake hakionekani vizuri. Daktari hukadiria kuchakaa kwake kwa kupima jinsi kichwa cha chuma kilivyosogea kutoka katikati ya kikombe.

Dalili mojawapo ya kulegea ni mstari mweusi mwembamba kati ya kiungo na mfupa, au kati ya saruji na mfupa. Mstari huo ukipanuka mwaka hadi mwaka, au shina la kiungo likizama ndani ya mfupa wa paja, daktari huwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Ili madaktari waeleze mahali pa mabadiliko kwa lugha moja, mwaka 1976 DeLee na Charnley waligawa eneo la kikombe cha nyonga katika kanda 3. Mwaka 1979 Gruen na wenzake waligawa eneo linalozunguka shina katika kanda 7.

Kuna njia sahihi zaidi, iliyoanzishwa na Göran Selvik wa Lund, Sweden, mwaka 1974. Vishanga vidogo vya metali iitwayo tantali huwekwa ndani ya mfupa, kisha picha mbili hupigwa kutoka pande tofauti kwa wakati mmoja. Njia hii huweza kuonyesha mwendo mdogo kuliko milimita moja. Kwa kuwa inahitaji vifaa maalumu, hutumika zaidi katika utafiti.

Jinsi programu inavyojifunza

Kwa kompyuta, picha ya dijitali ni jedwali la namba. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba inayoonyesha kiwango cha weupe au weusi wake. Zamani wataalamu waliandika kanuni za kuiambia kompyuta itafute nini katika namba hizo. Katika njia inayotumika sasa, kompyuta hupewa picha nyingi pamoja na majibu yake. Kila inapokosea hurekebisha hesabu zake kidogo, mpaka makosa yapungue. Mfumo wa hesabu hizo huitwa mtandao wa neva bandia.

Njia hiyo ilipata nguvu mwaka 2012, wakati AlexNet, programu ya Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ilipowashinda wapinzani wake kwa mbali katika mashindano ya kutambua vitu katika picha. Baadaye watafiti wa tiba walianza kutumia mitandao ya namna hiyo kusoma picha za mapafu, macho, mifupa na viungo bandia.

Picha zinazotumika kupima uwezo wa programu zisiwe zile zilizotumika kuifundisha. Mwanafunzi aliyepewa katika mtihani maswali yaleyale aliyofanya darasani anaweza kupata alama zote kwa kukariri tu. Vivyo hivyo, programu iliyopimwa kwa picha za hospitali moja inaweza kushindwa ikipelekwa kwenye hospitali nyingine yenye mashine tofauti.

Matumizi

Kutambua aina ya kiungo

Viungo bandia hutengenezwa na kampuni nyingi, kwa miundo na saizi nyingi. Kabla ya upasuaji wa marudio daktari anahitaji kujua muundo uliomo, kwa sababu sehemu za kampuni moja mara nyingi haziingiliani na za nyingine, na vifaa vya kuvitoa hutofautiana. Akijua mapema, anaweza kubadilisha sehemu iliyochakaa peke yake na kuacha iliyo nzima. Asipojua, upasuaji unaweza kurefuka, na hata mfupa mzuri ukavunjwa ili kutoa kipande ambacho kingeweza kubaki.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu hupotea. Hospitali hufungwa, majalada huharibika, na mgonjwa huhama nchi. Kwa sababu hiyo utambuzi wa kiungo kutokana na eksirei ni moja ya kazi ambazo watafiti wa akili mnemba wameshughulikia sana.

Mfano mmoja ni utafiti wa Gregor Urban na wenzake kuhusu viungo bandia vya bega, uliochapishwa mwaka 2020. Walitumia picha 597 za viungo kutoka kwa watengenezaji 4, na programu yao ilimtaja mtengenezaji kwa usahihi wa takriban asilimia 80. Namba hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika picha hizo, 294 zilikuwa za mtengenezaji mmoja. Programu ambayo haikujifunza chochote, na ambayo ingetaja jina hilo kwa kila picha, ingepata usahihi wa karibu asilimia 49. Kwa hiyo usahihi wa programu hulinganishwa na kile ambacho kingepatikana bila ujuzi wowote.

Utambuzi una umuhimu pia pale kiungo fulani kinapoondolewa sokoni. Mwezi Agosti 2010 kampuni ya DePuy ilitangaza kuondoa viungo vyake vya nyonga vya ASR, vilivyokuwa na metali inayosuguana na metali, baada ya takwimu kuonyesha kwamba waliohitaji upasuaji wa marudio walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Wagonjwa waliowekewa viungo hivyo katika nchi mbalimbali ilibidi watafutwe ili wachunguzwe.

Kupima mkao

Kikombe cha nyonga kikiwekwa kwa pembe isiyofaa, kichwa kinaweza kuteguka kwa urahisi. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walipendekeza mwinamo wa nyuzi 30 hadi 50, na mgeuko wa kuelekea mbele wa nyuzi 5 hadi 25. Vipimo hivyo bado hutajwa sana, ingawa wapo wagonjwa wanaoteguka nyonga hata kikombe kikiwa ndani ya mipaka hiyo. Programu huweza kuchora mistari na kupima pembe kwa sekunde chache, na huipima picha ileile kwa namna ileile kila mara. Binadamu wawili wanaweza kutofautiana kidogo.

Kufuatilia mabadiliko

Kulinganisha picha za miaka tofauti ni kazi inayochosha macho. Programu inaweza kupanga picha za mgonjwa mmoja, kupima upana wa mistari myeusi katika kanda zilizotajwa hapo juu, na kumwonyesha daktari mahali palipobadilika. Katika skani ya CT na MRI, metali huleta miale na vivuli vinavyoficha tishu zilizo karibu. Programu nyingine hufundishwa kupunguza vivuli hivyo.

Kupanga upasuaji

Kabla ya upasuaji, programu huweza kutenganisha kila mfupa katika skani ya CT, kutengeneza umbo lake na kupendekeza saizi ya kiungo. Daktari hukubali, hubadilisha au hukataa pendekezo hilo.

Mipaka na makosa

Programu hujua kilichomo katika mifano yake tu. Ikionyeshwa kiungo ambacho haijawahi kukiona, nyingi huchagua jina linalofanana zaidi katika orodha yao badala ya kukiri kwamba hazijui. Jibu la namna hiyo linaweza kuwa na madhara kuliko kukosa jibu, kwa kuwa humfanya daktari aagize vifaa visivyofaa.

Hatari ya pili ni kujifunza njia ya mkato. Utafiti wa Marcus Badgeley na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusu programu ya kutambua kuvunjika kwa nyonga katika eksirei. Programu ilionekana kufanya vizuri, lakini ilikuwa ikitumia ishara za kando, kama vile aina ya mashine iliyopiga picha. Watafiti walipochagua wagonjwa wanaofanana katika mambo hayo yote, uwezo wake ulishuka hadi kuwa karibu sawa na kubahatisha. Ilikuwa imejifunza desturi za hospitali kuliko mifupa iliyovunjika.

Jambo la tatu ni hesabu ya tahadhari za uongo. Tuseme kati ya wagonjwa 1000 waliokuja kupimwa, 20 wana kiungo kilicholegea. Programu inagundua 18 kati yao, lakini inawashuku kimakosa watu 10 kati ya kila 100 wasio na tatizo. Wasio na tatizo ni 980, kwa hiyo 98 watashukiwa bure. Jumla ya walioshukiwa ni 116, na wenye tatizo kweli ni 18 tu, yaani chini ya mmoja kati ya 6. Wawili waliolegea wameachwa. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kufanyiwa upasuaji kwa tahadhari ya programu peke yake.

Tena, picha haisemi kila kitu. Kiungo kilicholegea kwa kuchakaa na kilicholegea kwa maambukizi vinaweza kufanana katika eksirei, lakini matibabu yake ni tofauti kabisa. Ili kuvitofautisha, daktari humsikiliza mgonjwa, humchunguza, hupima damu na mara nyingi huvuta maji ya kiungo yapelekwe maabara.

Kumbukumbu na sheria

Nchi kadhaa huweka daftari la taifa la viungo bandia. Sweden ilianzisha la magoti mwaka 1975 na la nyonga mwaka 1979, na lile la Uingereza na Wales lilianza mwaka 2003. Barani Afrika, Malawi ilianzisha daftari lake mwaka 2005. Madaftari hayo huonyesha ni viungo vipi vinadumu, na yakiunganishwa na picha huwa hazina nzuri ya kufundishia programu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maadili ya akili mnemba katika afya, unaosisitiza uwazi, usawa na uwajibikaji wa binadamu. Picha ya mgonjwa pamoja na jina lake ni taarifa binafsi, na hulindwa na sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya mwaka 2021 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Hali katika Afrika Mashariki

Upasuaji wa kubadilisha nyonga na goti hufanyika katika hospitali kubwa za Afrika Mashariki, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Wagonjwa wengine hufanyiwa nje, kwa mfano India, kisha hurudi nyumbani. Miaka mingi baadaye wakipata maumivu, daktari wa hapa anaweza kukutana na kiungo asichokifahamu, huku jalada likiwa ng'ambo. Hapo programu ya utambuzi ingeweza kufaa sana, mradi miundo inayotumika katika nchi hizi, India na kwingineko iwe imo katika mifano yake. Programu iliyofundishwa kwa picha za Marekani au Ulaya pekee haina budi kupimwa kwanza kwa picha za wagonjwa wa eneo husika.

Ipo pia njia isiyohitaji kompyuta. Viungo bandia huja kutoka kiwandani na lebo zinazotaja mtengenezaji, muundo, saizi na namba ya toleo, na kwa kawaida lebo hizo hubandikwa kwenye jalada la mgonjwa siku ya upasuaji. Mgonjwa anaweza kuomba nakala yake au kuipiga picha kwa simu kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Programu hukadiria jina la kiungo, lakini lebo hulitaja.